Uliza Injini Kabla Hujauliza Bei

Wanangu,

Mkija kwangu kutaka ushauri wa gari, wengi wenu huja na jina. "Mzee, nimepata Land Cruiser." "Babu, kuna Mark II mtu anaiuza, bei imeshuka." Rangi mnaijua, mwaka mmeusoma kwenye kadi, picha mnazo kwenye simu. Nikiuliza ina injini gani, mmoja hujibu "ya dizeli", mwingine "ni lita mbili hivi", wa tatu hunyamaza. Umri wangu wa kazi nimeumalizia gereji, na jambo hili linaniuma kwa sababu naona fedha za vijana zinavyopotea. Yako magari ambayo jina lake halikuambii karibu kitu. Bodi ni moja, boneti ni moja, lakini humo ndani kiwanda kimewahi kufunga injini sita, nane, hata zaidi ya kumi. Ukilipia jina umelipia bati na viti. Injini utakutana nayo barabarani, fedha zikiwa zimeshaondoka mfukoni.

Chukueni Land Cruiser ya 70, ile ambayo Tanzania tunaiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda kando ya kioo. Hakuna kati yenu asiyeijua. Ni gari la polisi, la wagonjwa, la watalii kule Serengeti likiwa limerefushwa na kuwekewa paa la kuinuka, la mashirika ya misaada kutoka Kigoma mpaka Goma. Mombasa wanaunganisha pikapu zake. Ilitoka mwaka 1984 kupokea kazi ya ile ya 40, na mpaka leo inatengenezwa. Kwa nje, ya mwaka 1990 na ya juzi zinatambuana kama watu wa ukoo mmoja. Sasa inueni boneti muone ukoo wenyewe ulivyo mkubwa.

Mwanzoni ilikuwapo 3B, dizeli ya silinda nne, lita 3.4, nzito, haina haraka, imefungwa gia ndani badala ya mkanda wa taiming. Ilikuwapo 2H, dizeli ya silinda sita, lita 4.0. Waliotaka petroli walipewa 3F, silinda sita nayo, ya kabureta. Yale mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya familia yalifungwa 2L-T, dizeli ya turbo ya lita 2.4, au 22R ya petroli, ile ile mliyoizoea kwenye Hilux za zamani. Mwaka 1990 ndipo ikaja 1HZ, lita 4.2, silinda sita, na pamoja nayo 1PZ ya silinda tano, lita 3.5. Hizo mbili zina kipenyo kimoja cha silinda, milimita 94, na pistoni hupanda milimita 100 katika zote. 1PZ ni 1HZ iliyopunguzwa silinda moja. Baadaye ikafuata 1FZ-FE ya petroli, lita 4.5. Australia wakapata 1HD-FTE, lita 4.2 yenye turbo, na mwaka 2007 wakapata 1VD-FTV, V8 ya dizeli yenye turbo, lita 4.5. Ikaja 1GR-FE, V6 ya petroli, lita 4.0. Mwaka 2023 wakaongeza 1GD-FTV, dizeli ya silinda nne, lita 2.8, nayo ina turbo. Nimetaja kumi na mbili, na zipo nyingine sikuzigusa.

Kijana anayesema "nimepata Land Cruiser ya 70" ameniambia nini, basi? Huenda amepata injini yenye nguvu za farasi karibu 130 isiyo na kompyuta yoyote ya kuiongoza, huenda amepata ya farasi 200 ambayo haiwaki kompyuta ikikataa. Bodi zinafanana. Gharama za kuziishi hazifanani hata kidogo.

Msidhani kiwanda kilifanya hivyo kwa kupenda wingi. Kila injini ilikuwa na mteja wake. Nchi za Ghuba petroli ilikuwa rahisi na jangwa lina mchanga unaotaka nguvu, kwa hiyo Land Cruiser nyingi za Oman na Dubai ni za 1FZ na 1GR. Australia wanavuta trela ndefu kwa kasi, barabara ni safari ya siku nzima, wakataka turbo na V8. Japani sheria za moshi ziliibana dizeli ya zamani mpaka gari hilo likaondolewa sokoni mwaka 2004. Likarudi mwaka 2014 kwa muda likiwa na V6 ya petroli, na likarudi tena mwaka 2023 na ile dizeli ndogo ya lita 2.8. Afrika tuliachiwa 1HZ, na wengine huona tumeachiwa kilichochakaa. Mimi sioni hivyo, na nitawaeleza kwa nini.

1HZ haina turbo. Dizeli yake huanza kuwaka katika chemba ndogo pembeni kabla ya kuingia kwenye silinda, na nozeli zake hufunguka kwa shinikizo la bar 150 hivi. Hizi za kisasa za reli moja (common rail), 1VD na 1GD, husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,300, kupitia vitundu vyembamba usivyoweza kuviona kwa macho. Fikirini chembe ya mchanga au tone la maji likipita hapo. Ni kweli kwamba tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuingiza dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na Tanzania EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata wanaochanganya. Hayo yamesaidia sana. Lakini dizeli iliyotoka kituoni ikiwa safi, ikamiminwa kwenye dumu, ikakaa wiki mbili kijijini juani, ikatiwa kwenye tangi kwa faneli ya vumbi, si dizeli ile tena. 1HZ itakohoa, utabadilisha chujio, utamwaga maji yaliyotuama chini ya chujio, itaendelea. V8 katika hali hiyo hiyo itakudai nozeli, na nozeli zake ni nane.

Hiyo haimaanishi V8 ni mbaya. Mtu anayeishi mjini, anayejaza mafuta kituo kimoja anachokiamini, anayevuta mzigo mzito kwenye lami na ana fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, V8 itamfaa na atafurahia. Ninachowakataza ni kununua V8 kwa sababu mjomba wako alikuwa na Land Cruiser iliyodumu miaka mingi. Mjomba wako alikuwa na 1HZ. Sifa aliyokusimulia ni ya injini ile, nawe umeibandika kwenye injini nyingine kwa kuwa nembo ya nyuma ni moja.

Hata 1HZ yenyewe ina sharti lake. Ina mkanda wa taiming, tofauti na 3B. Kila kilomita 100,000 ubadilishwe. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka kukukumbusha, na nimeona magari ambayo mtu aliitoa balbu ile ili isimsumbue. Mkanda ukikatika, pistoni zinakutana na valvu, na hapo umeingia kwenye gharama ya hedi na kazi ya siku kadhaa. Mtu aliyezoea 3B ya baba yake hajui hata kama mkanda upo.

Sasa mtajuaje mlichonacho? Kiwanda kimewaandikia. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, ukiinua boneti utaona kibati kimepigiliwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na sehemu ya dereva. Kimeandikwa MODEL, ENGINE, FRAME NO, na chini yake rangi na gia. Someni mstari wa MODEL. Ukikuta HZJ79, herufi za mwanzo, HZ, ni ukoo wa injini. J ni Land Cruiser. 79 ni umbo, yaani pikapu. HZJ78 ni ile ndefu ya mlango wa nyuma, HZJ76 ni ya milango minne ya pembeni. Ikianza BJ, ilizaliwa na injini ya ukoo wa B. Ikianza FZJ ni petroli ya 1FZ. VDJ ni V8 ya dizeli, GRJ ni V6 ya petroli, GDJ ni ile mpya ya lita 2.8, LJ ni ukoo wa 2L.

Namba ya injini nayo husomeka. Tarakimu ya kwanza ni mzao katika ukoo, herufi zinazofuata ni ukoo wenyewe, na baada ya kistari ndipo siri ilipo. T ni turbo. E ni petroli au dizeli inayoingizwa kwa kuongozwa na umeme. V ni dizeli ya reli moja. S ni petroli inayochomwa moja kwa moja ndani ya silinda. F ni hedi ya kemshafti mbili iliyokusudiwa kubana matumizi, G ni ya kemshafti mbili iliyokusudiwa mbio. 1VD-FTV haikufichi chochote: ukoo wa VD, kemshafti mbili, turbo, reli moja. 1HZ haina kistari wala herufi nyuma yake, na hilo pekee linakwambia ni injini ya namna gani. Jifunzeni herufi hizi jioni moja tu. Zitawafaa maisha yenu yote kwenye nchi hizi ambako nusu ya barabara ni Toyota.

Tuje kwa wale wanaotaka gari dogo, maana najua ndio wengi. Mark II ya umbo la 100, iliyotengenezwa kuanzia 1996, kwetu imepata jina la GX 100 na kila kijana anaiita hivyo hata isipokuwa hivyo. GX maana yake ina injini ya 1G, silinda sita, lita 2.0. Lakini bodi hiyo hiyo ilitoka na 4S-FE ya lita 1.8, silinda nne, nayo ni SX100. Ilitoka na 1JZ-GE ya lita 2.5, na 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo iliyotangazwa kuwa na farasi 280, zote mbili JZX100. Ilitoka na 2JZ-GE ya lita 3.0, JZX101. Na ilitoka na dizeli, 2L-TE ya lita 2.4, LX100. Injini sita katika gari moja la familia, kutoka la mtu anayehesabu lita mpaka la mtu wa mbio. Muuzaji atakwambia "ni Mark II, zote ni zile zile." Mwonyeshe kibati.

Kwa nini Wajapani walihangaika hivyo? Kodi. Kwao kodi ya gari ya kila mwaka hupanda kwa ngazi za cc 500, na gari la petroli linalovuka cc 2,000 huhama kabisa daraja la namba. Kwa hiyo kila familia ilitafuta injini ya ngazi yake ndani ya gari lile lile la heshima. Sisi tunaonunua baada yao tunarithi uchaguzi wa mtu wa Osaka aliyekuwa akipanga kodi yake. Na bandarini kwetu nako cc zinaangaliwa: Tanzania ushuru wa bidhaa kwa gari dogo umepangwa kwa ukubwa wa injini, Kenya vilevile. Gari mbili zinazofanana kwenye picha huweza kutofautiana kwa fedha nyingi pale Dar es Salaam au Mombasa.

Mfano unaowagusa zaidi ni Premio na Allion za 2001 mpaka 2007. Zilikuja na injini tatu: 1NZ-FE ya lita 1.5, 1ZZ-FE ya lita 1.8, na 1AZ-FSE ya lita 2.0 iliyobandikwa alama ya D-4. Kwenye kibati ni NZT, ZZT na AZT. Ile herufi S katika 1AZ-FSE mmeshajua maana yake. Petroli yake haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizisafishi, na masizi hujijenga pale. Na ina pampu ya shinikizo kubwa isiyopenda petroli chafu. Ni injini nzuri kwa mtu anayeitunza. Hapa kwetu huuzwa kwa bei ya chini kuliko wenzake, na vijana huikimbilia kwa sababu ni lita mbili kwa bei ya moja na nusu. Wahenga walishasema rahisi ghali. Mimi kijana anayeanza kazi, mwenye mshahara mmoja, ninamwelekeza kwenye 1NZ bila kusita. Spea zake ziko mpaka Sumbawanga, kwa kuwa ndiyo injini iliyomo pia kwenye IST na Probox nyingi. 1ZZ ni ya pili kwangu. Za miaka ya mwanzo huweza kula oili, basi vuta kijiti cha oili na uangalie moshi kabla hujaipenda.

Wanaotaka kuingia biashara ya abiria, Hiace nazo ni hivyo hivyo. LH ni ukoo wa L, na humo mna 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0, ambazo kwa macho ni kitu kimoja. RZH na TRH ni petroli. KDH ni dizeli ya reli moja. Usinunue Hiace ya kazi bila kujua ni ipi, maana faida ya daladala au matatu iko kwenye mafuta na spea.

Nyinyi mnaojifunza ufundi, neno langu kwenu ni zito zaidi, kwa sababu mwenye gari akikosea anaharibu lake, na nyinyi mkikosea mnaharibu la mtu aliyewaamini. Msiende duka la spea kusema "nipe gasketi ya hedi ya Land Cruiser." Andikeni namba ya injini kwenye karatasi, na ikiwezekana namba ya chesesi. 2L, 3L na 5L zina vipenyo tofauti vya silinda, milimita 92, 96 na 99.5. Gasketi ya 2L ukiilazimisha kwenye 5L, tundu lake ni dogo kuliko silinda, kingo zake zinaingia ndani kwenye moto. Mteja atarudi baada ya wiki injini ikichemsha, nawe utamlaumu mwenye duka. Vilevile msichukue kipimo cha kukaza bolti mlichokizoea kwenye injini moja mkakipeleka kwenye nyingine kwa sababu gari ni la jina moja. 2L-T mafundi wa kila pembe wanaijua kwa hedi inayopasuka ikichemka. Inataka rejeta safi na feni nzima kuliko 3B ilivyowahi kutaka.

Na kuna hili la kuhamisha injini, ambalo vijana mnalipenda sana. Kwa kuwa kiwanda chenyewe kilifunga injini nyingi kwenye bodi moja, mnaona kila kitu kinaingia kila mahali. Kuna ukweli humo. 1JZ kuingia kwenye bodi ya GX100 si ajabu, kiwanda kilishafanya. Lakini kiwanda kilipofunga 1JZ-GTE kilibadilisha pia breki, gia boksi, difu, springi na rejeta. Kijana anayeweka farasi 280 juu ya breki za gari la lita mbili, kisha akapanda nalo barabara ya Iringa lina abiria wanne, anacheza na roho za watu. Ukihamisha injini, hamisha na vilivyokuja nayo, ama acha. Kisha nenda TRA, au NTSA ukiwa Kenya, namba mpya iingie kwenye kumbukumbu. Injini iliyo ndani ya gari na namba iliyo kwenye kadi zikipishana, askari anayo haki ya kulishika gari lako, bima ina sababu ya kukataa, na atakayelinunua kwako anarithi kesi.

Gari lililobadilishwa injini lisiwatishe peke yake. Land Cruiser nyingi za BJ na za PZJ zinatembea leo na 1HZ ndani, zimefungwa vizuri na mafundi hodari wa Arusha, Nairobi na Lubumbashi, na zinafanya kazi kuliko zilivyozaliwa. Cha kutazama ni kama kazi ilifanywa yote. Angalieni miguu ya injini kama imechomelewa ovyo, nyaya kama zimefungwa kwa mipira ya tairi, feni kama inafika katikati ya rejeta. Kazi nusu hujionyesha kwa mtu anayeinama kutazama.

Basi kabla hujatoa arabuni, nenda ukalione gari asubuhi kweupe, injini ikiwa bado baridi. Mwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike. Inua boneti, piga picha kibati, kisha tafuta namba iliyochongwa kwenye bloku yenyewe na uifute vumbi mpaka isomeke. Linganisha vitu vitatu: kibati, bloku na kadi. Vikikubaliana, au kadi ikiwa imeshabadilishwa kihalali, mpeleke fundi anayeijua injini hiyo hasa, umlipe kwa kuitazama, ndipo mzungumze bei. Vikipishana na mwenye gari hana maelezo wala karatasi, mshukuru kwa muda wake na ondoka na fedha zako.